Namna ya kusoma picha ya kale ya mtaa wa Mji Mkongwe: mwongozo kamili, kuanzia karatasi hadi nakshi

Mpe mtu picha ya zamani ya mtaa wa Unguja, na jambo la kwanza atakalolitafuta ni mlango. Akishauona, hukumu inatoka papo hapo: samaki ni uzazi, mnyororo ni biashara ya watumwa, mtende ni neema. Kisha anakisia mwaka, anaandika chini yake "nyumba ya Mwarabu tajiri", na kazi imekwisha. Maelezo ya namna hii yamejaa kwenye kazi za wanafunzi, kwenye maonyesho, hata midomoni mwa waongoza watalii wazoefu. Karibu kila mara kosa ni moja: nakshi imesomwa kabla ya picha.

Mwongozo huu unageuza mpangilio. Tunaanza na karatasi, tunakwenda kwenye mwanga, mwaka, mahali na umbo la jengo. Nakshi inakuja baadaye sana. Jengo moja linaweza kusema jambo hili mwaka 1885 na jambo jingine kabisa mwaka 1912, ingawa kuta ni zile zile. Asiyejua picha ni ya lini na imepigwa kutoka wapi hawezi kujua jengo lilikuwa linasema nini siku hiyo.

## Vifaa

- Picha yenyewe, au nakala iliyoskaniwa kwa dpi (vidoti kwa inchi) 600 au zaidi. Kama ni kadi ndogo, panda hadi 1200. Nakala iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi, kwa kuwa hubanwa na maandishi madogo juu ya mlango hupotea.
- Lenzi ya mkono ya kukuza mara 8 au 10.
- Rula, daftari na penseli laini (2B). Kalamu ya wino isikaribie meza yenye picha halisi.
- Taa ya mezani unayoweza kuiinamisha pembeni.
- Ramani ya Mji Mkongwe yenye majina ya mitaa.
- Picha nyingine za eneo hilo hilo za kulinganisha. Nenda Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani. Ukiwa mbali, mkusanyo wa Winterton wa Northwestern University, Marekani, upo mtandaoni na una picha nyingi za Afrika Mashariki.
- Mikono iliyooshwa na kukaushwa. Kwa negativu za kioo (mabamba yenye picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana) vaa glavu nyembamba za plastiki. Za pamba huteleza.

## Hatua ya 1: Soma karatasi

Geuza picha kwanza. Mgongo husema mengi kuliko uso, na wengi hawaugusi kabisa.

Karatasi nyembamba sana iliyogundishwa juu ya kadi ngumu, yenye rangi ya kahawia na weupe uliogeuka manjano, huenda ni ya albumini, yaani karatasi iliyopakwa ute wa yai. Ilianza mwaka 1850 na ikatawala hadi miaka ya 1890. Inamisha taa pembeni: utaona mng'ao mdogo, na mara nyingi nyufa nyembamba kama nywele.

Sasa weka lenzi. Ukiona vidoti vilivyopangwa kwa safu, hiyo imepigwa chapa mashineni. Haikusafishwa kwenye chumba cha giza. Kadi nyingi za posta ziko hivyo. Kwenye kadi ya posta tazama kama mgongo umegawanywa kwa mstari wa katikati, upande mmoja anwani na upande mmoja ujumbe. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kabla ya hapo mgongo ulikuwa wa anwani peke yake, na mtu alibana salamu zake pembeni mwa picha.

Tafuta pia muhuri wa studio. Unguja, majina utakayokutana nayo sana ni Gomes na Coutinho, wapiga picha wenye asili ya Goa waliofanya kazi mjini humo mwishoni mwa karne ya 19.

Tahadhari. Studio ziliuza negativu moja kwa miaka mingi, na wachapishaji wa kadi walinunua picha za zamani. Muhuri wa posta wa 1908 unakwambia kwamba picha haikupigwa baada ya 1908. Haukwambii kwamba ilipigwa mwaka huo.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja: hiki ni kitu gani, kimetengenezwa kwa njia gani, na mwaka wa mwisho unaowezekana ni upi.

## Hatua ya 2: Jua bamba la kioo liliona nini

Hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika bila mwenyewe kujua.

Mabamba ya kolodioni (kioo kilichopakwa dawa ya kushika mwanga na kutumiwa kikiwa bado kibichi), na mabamba makavu ya jelatini ya mwanzo, yaliona vizuri rangi ya buluu na hayakuona nyekundu hata kidogo. Kwa hiyo mbingu hutoka nyeupe tupu, bila wingu. Kilicho chekundu hutoka cheusi. Bendera ya masultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, na kwenye picha za zamani inaonekana kama kitambaa cheusi juu ya mlingoti. Wapo walioiandika kuwa bendera ya maombolezo. Ni bendera ya kila siku.

Milango nayo iko vivyo hivyo. Mbao za kahawia nyekundu huzama gizani, na misumari ya shaba, ambayo machoni petu ni manjano inayowaka, hutoka na weusi isipokuwa pale jua lilipoipiga moja kwa moja. Usiseme mlango ulipakwa rangi nyeusi. Usiseme misumari ilikuwa ya chuma. Dirisha lililoonekana jeupe huenda lilikuwa la buluu.

Kisha muda. Katika picha ya Boulevard du Temple ya Paris iliyopigwa na Daguerre mwaka 1838, barabara yenye shughuli nyingi inaonekana tupu. Aliyebaki ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu, kwa kuwa alitulia. Mabamba ya baadaye yalikuwa ya kasi zaidi, lakini kwenye vichochoro vya Hurumzi au Kiponda, ambako jua huingia kwa saa chache, mpiga picha bado alihitaji sekunde kadhaa. Tazama chini, usawa wa magoti: utaona ukungu mwepesi, nusu ya kanzu, miguu miwili isiyo na mwili. Hao ni watu waliopita. Mtaa mtupu kwenye picha si ushahidi kwamba mtaa ulikuwa mtupu, wala kwamba wakazi walikuwa wamejificha. Na aliyeonekana wazi, amesimama wima kando ya mlango, karibu kila mara aliambiwa asimame hapo.

Mwisho, hakikisha picha haikugeuzwa kushoto kulia. Negativu ya kioo ikichapwa kwa upande usio wake, mji mzima unapinduka. Maandishi ya Kiarabu ndiyo kipimo bora. Yakikosekana, tumia majengo: ukitazama Beit al-Ajaib, jumba kubwa la sultani la kando ya bahari, kutoka Forodhani, Ngome Kongwe iko kulia kwako na jumba la mfalme liko kushoto. Ikiwa kinyume, picha imegeuzwa.

Utajua umefaulu ukishaandika orodha ya vitu ambavyo picha *haiwezi* kukwambia. Orodha hiyo itakuzuia mara nyingi huko mbele.

## Hatua ya 3: Funga mwaka kati ya mipaka miwili

Usitafute mwaka mmoja. Tafuta "si kabla ya" na "si baada ya", kisha zibane polepole. Unguja ina alama nzuri za kufanyia hivyo:

- Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, wakati wa Sultan Barghash (1870 hadi 1888). Ufukwe usio nayo ni wa kabla ya hapo.
- Mnara uliosimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, ukiwa na saa na taa ya kuongozea meli, ulipigwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Picha yenye mnara huo ukiwa mzima ni ya kabla ya siku hiyo. Mnara wa saa uliounganishwa na uso wa jengo lenyewe ni wa baada yake.
- Jiwe la msingi la Kanisa la Anglikana la Mkunazini liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa.
- Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki, huonekana juu ya mapaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890.
- Jumba la zahanati la Tharia Topan, lenye roshani za nakshi, lilianza kujengwa 1887 na kukamilika 1894.
- Soko la Darajani ni la 1904. Reli ya Bububu ilianza kazi 1905. Ukiona reli karibu na Ngome, umekwisha kuingia karne ya 20.
- Beit al-Amani ya Mnazi Mmoja, yenye kuba, ni ya 1925.

Bandari nayo ina kalenda yake. Majahazi makubwa ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Bandari iliyojaa milingoti yao inaelekea miezi ya Desemba hadi Aprili. Mwaka haupati, lakini msimu unao.

Tahadhari. Kukosekana kwa jengo kuna nguvu pale tu ambapo lingepaswa kuonekana. Kabla ya kusema "Minara Miwili haipo, basi ni kabla ya mwisho wa miaka ya 1890", hakikisha kamera ilikuwa inatazama Baghani, upande wa kanisa hilo.

## Hatua ya 4: Tafuta mahali kamera iliposimama

Chapisha nakala, nenda mtaani. Chagua kitu cha karibu chenye ukingo wima, kwa mfano pembe ya nyumba, na kitu cha mbali, kwa mfano dirisha. Kwenye picha pembe inakata dirisha hilo wapi? Nusu? Robo? Sogea hatua moja kushoto au kulia hadi macho yako yaone hivyo hivyo. Kisha tafuta jozi ya pili upande mwingine wa mtaa. Jozi zote mbili zikikubaliana, umesimama pale aliposimama mpiga picha.

Njia hii hufanya kazi kwa sababu lenzi haibadilishi jinsi vitu vinavyofunikana. Kinachobadilisha ni kusogea. Hata kama picha imekatwa kingo, hesabu haiharibiki.

Ukiwa hapo, uliza swali ambalo wengi hawalifikii: kwa nini hapa? Mara nyingi jibu ni mwanga, au upana wa kichochoro. Lakini mara nyingine kamera imewekwa juu ya roshani ya ubalozi au kwenye sitaha ya meli, na hapo umeshajua mengi kuhusu nani alikuwa anaangalia nani.

Utajua umefaulu ukipiga picha yako kwa simu ukaiweka kando ya ile ya kale, na pembe zikalingana.

## Hatua ya 5: Soma umbo kabla ya urembo

Sasa jengo. Anza chini, panda juu.

*Baraza.* Benchi la mawe lililojengwa mbele ya nyumba ni mahali pa kupokea watu bila kuwaingiza ndani. Urefu wake na usafi wake vinakueleza mwenyeji alipokea wageni wengi kiasi gani, na hadharani kiasi gani. Kwangu mimi, baraza ndiyo sehemu yenye maneno mengi kuliko zote katika mtaa wa Kiswahili, na ndiyo inayokatwa nje ya picha kwa urahisi zaidi.

*Ghorofa ya chini.* Ukuta mnene, mweupe kwa chokaa, madirisha madogo yaliyo juu, mlango mmoja mkubwa: huo ni mpango wa nyumba za Kiarabu, ambazo hugeukia ua wa ndani. Nje hazisemi kitu isipokuwa mlangoni, ndiyo maana fedha yote ya urembo ilimwagwa hapo. Ukikuta badala yake mbao za kukunja zinazofunguka upana mzima wa chumba, hilo ni duka, na familia inakaa juu yake. Ni mpango wa wafanyabiashara wa Kihindi. Nyumba za aina mbili zinaweza kukaa ukuta kwa ukuta, na mpaka wao kwenye picha ni mpaka wa namna mbili za kuishi na mtaa: mmoja anajifunga, mwingine anauza.

*Roshani.* Roshani ya mbao yenye vipenyo vya kutazamia humwezesha aliye ndani, hasa mwanamke, kuuona mtaa bila mtaa kumwona. Tazama ilikoelekea. Ikielekea bahari, mwenye nyumba anataka kuona meli na kuonwa na meli.

*Upana wa vyumba.* Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, nazo hazina urefu mkubwa, kwa hiyo vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Jengo lenye nafasi pana na nguzo nyembamba za chuma linakutangazia kwamba vifaa vimetoka ng'ambo, na kwamba mwenye jengo alitaka ijulikane hivyo.

## Hatua ya 6: Sasa nakshi

Mlango wa nakshi una sehemu zake: miimo pande mbili, kizingiti juu, mbao mbili za kufunguka, na mfaa katikati unaofunika pale mbao zinapokutana. Zichore zote kwenye daftari kabla ya kutoa maana yoyote. Kuchora kunalazimisha jicho kuona kilichopo badala ya kilichotarajiwa.

Anza na kizingiti. Kizingiti kilichonyooka, chenye nakshi nyembamba, ndio mtindo mkongwe zaidi. Kizingiti cha tao, chenye maua mengi na mizabibu inayojipinda, kilienea nusu ya pili ya karne ya 19 kwa mkono wa mafundi wa Kihindi na wateja waliowapenda.

Katikati ya kizingiti mara nyingi kuna maandishi: aya ya Qur'ani, jina, na mara nyingine mwaka wa Hijria. Kuugeuza mwaka huo, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka ١٣٠٠, yaani 1300, unatoka 1883. Angalia tarakimu kwa makini: nukta ndogo ٠ ni sifuri, na duara ٥ ni tano. Anayesoma haraka huona duara akaandika sifuri, na mlango unapotea miaka hamsini.

Kisha ndipo uje kwa samaki, mnyororo, mtende, waridi na mawimbi. Fuata kanuni hizi:

1. Taja umbo kwanza, maana baadaye, na useme ni maana inayosimuliwa na nani.
2. Uliza umbo limerudiwa milango mingapi ya mtaa huo. Mchoro uliopo kila mlango ni mazoea ya fundi na karakana yake. Hausemi siri ya mwenye nyumba fulani.
3. Mnyororo peke yake hauthibitishi kwamba nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara ya watumwa. Ni pambo la ukingo linalojaza nafasi ndefu na nyembamba ya mwimo, na wengine husimulia kwamba ni ulinzi wa nyumba. Watumwa wa Unguja ni historia halisi na nzito mno kuwekwa juu ya ushahidi wa pambo. Tafuta hati.
4. Misumari mikubwa ya shaba husimuliwa kuwa kinga dhidi ya tembo wa vita wa Bara Hindi. Unguja haikuwa na tembo wa vita. Hapa ilikuwa fahari, na shaba iligharimu fedha.

Tahadhari. Milango iliuzwa, ilirithiwa, ilihamishwa. Tarehe ya mlango si tarehe ya nyumba. Tazama mshono kati ya mwimo na ukuta: chokaa yenye rangi tofauti au kiraka pembeni huashiria mlango uliotoka kwingine.

## Hatua ya 7: Linganisha jengo moja katika miaka miwili

Hapa ndipo alama hujitokeza zenyewe. Chukua picha mbili za Beit al-Ajaib kutoka baharini, moja ya kabla ya Agosti 1896 na moja ya baada ya 1911.

Katika ya kwanza, mnara wa saa na taa umesimama mbele, mbali kidogo na jengo. Nyuma yake kuna ngazi za veranda zilizozunguka pande zote, juu ya nguzo za chuma, ndefu kupita kila jengo mjini. Kando yake yapo majumba ya Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, na yameunganishwa kwa vivuko vya juu vilivyofunikwa, wanawake wa jumba wapite bila kuonwa. Barghash aliijenga kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Jengo lote linatazama bahari: nahodha anayeingia bandarini anaona taa, saa na urefu kabla hajaona mtu yeyote.

Katika ya pili, mnara wa mbele hakuna. Beit al-Hukm haipo. Vivuko havipo. Saa sasa iko juu ya uso wa jengo, na ndani, tangu 1911, kuna ofisi za serikali ya Waingereza. Veranda ni zile zile, nguzo ni zile zile, mlango wa nakshi uko pale pale. Jengo lililokuwa kinywa cha sultani limekuwa ofisi ya waliompiga mizinga. Kamusi ya alama za milango haiwezi kukuonyesha hilo. Picha mbili zenye tarehe sahihi zinakuonyesha kwa dakika moja.

Fanya hivyo kwa mtaa wako. Orodhesha kilichoondoka, kilichoongezwa na kilichobaki, kisha uliza nani alikuwa na amri ya kubomoa.

## Hatua ya 8: Andika maelezo yanayoweza kukaguliwa

Gawa maelezo yako mafungu matatu, na usiyachanganye:

- Kinachoonekana: "Mlango wa mbao mbili, kizingiti cha tao, misumari, baraza upande wa kushoto. Mtu mmoja ametulia, wengine ni ukungu."
- Kinachothibitishwa: "Albumini juu ya kadi, muhuri wa studio nyuma. Si kabla ya 1883, si baada ya 1896, kwa kuwa Beit al-Ajaib na mnara wake wa mbele vinaonekana. Mahali pamehakikiwa kwa kusimama pale."
- Kinachosemwa: "Wakazi husimulia kwamba samaki wa kwenye kizingiti ni dua ya riziki."

Maelezo ya kadi ya kale, kama "Native Street" au "Arab House", yanakili kama yalivyo ndani ya alama za kunukuu. Yaliandikwa kumuuzia mgeni, na hilo ni ushahidi wa aina yake, lakini si jina la mtaa.

Skani pande zote mbili za picha, ipe faili jina lenye mtaa na mipaka ya mwaka, na upeleke nakala kwenye nyaraka. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kazi ya kuirudisha inahitaji kujua kila kipande kilikaa wapi. Picha iliyomo kwenye albamu ya familia, ikiwa na tarehe na mahali palipohakikiwa, inaweza kumwonyesha seremala nguzo au ubao ambao leo haupo.